Kamba za Mabaka

Juzi sokoni Mbalizi mvua ilinikuta karibu na muuza kamba. Zile za katani zilipolowa, zikatoa harufu yao, nami, mtu mzima na kikapu changu cha nyanya, nikabaki nimesimama nacheka peke yangu. Watu wakanitazama. Waache watazame.

Nilikulia Usangu, kwenye boma la baba yangu, aliyehamia huko na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Nilikuwa na miaka kumi, na kitu kimoja tu nilikitaka duniani: kutembea mbele ya maksai wakati wa kulima, nimeshika kamba. Kazi hiyo ilikuwa ya kaka yangu Masanja. Mimi nilipewa kamba zenyewe, nizifue! Zilikuwa zimelala zizini tangu msimu uliopita, zimelowa mavi na mkojo, zinanuka hata mbwa wetu alizikwepa. Niliziloweka kwenye nusu pipa, nikazisugua kwa gunzi na majivu, maji yakatoka meusi mara nne. Masanja akapita ameziba pua. "Dada wa marashi," akaniita.

Kwa hasira nikazianika juu ya bati, jua la saa saba. Jioni zilikuwa nyeupe, nikajiona fundi. Kumbe zilikuwa zimekauka kama vijiti! Siku ya kwanza tu ya kulima zilimchubua shingo Mabaka, maksai wetu mkubwa, mpaka damu. Kesho yake alipoiona kamba alimsukumia Masanja kwenye matope. Baba akasema kama Mabaka hafungiki, Ijumaa anapelekwa mnadani, na shamba tutalilima kwa mkono.

Nililia, kwa sababu nilijua. "Nilizikausha juani, baba."

Hakunipiga. "Basi zilainishe," akasema, akaenda zake.

Nilizifua upya, nikazivuta kati ya miti miwili kivulini, siku mbili nzima. Zikiwa bado na unyevunyevu nikazipaka samli, kipande kwa kipande, nikizikunja na kuzikunjua mpaka viganja vikawaka moto.

"Yaani samli yangu inaliwa na kamba!" mama alilalamika, huku ananisogezea kibuyu.

Alhamisi asubuhi Masanja alijaribu kwanza. Mabaka akapuliza pua, akarudi nyuma. Nikaichukua kamba mimi. Nikamnusisha, nikaipitisha taratibu, mbali na kidonda. Akatulia! Nikapiga hatua, naye akanifuata, mwenzake akafuata, plau ikachana udongo kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Mama alipiga vigelegele vilivyowatoa majirani nje. Na nyuma kabisa, ameshika plau, akienda popote nilipokwenda mimi, alikuwa Masanja. Wee, ilikuwa tamu!

Kwa miaka mingi niliisimulia kama siku niliyomshinda kaka yangu. Nilipopata watoto wangu mwenyewe ndipo nikamfikiria baba. Kamba alizilainisha tangu ujana wake. Zile angezimaliza jioni moja, maksai wake akapona, kazi ikaendelea. Badala yake alikaa siku zote zile msimu ukimpita, maksai wake bora yuko hatarini, akaniachia mimi nilirekebishe kosa langu. Alhamisi ile, tulipomaliza kulima, alisema maneno matatu tu: "Kesho tena wewe." Na mpaka naolewa, hakuna mwingine aliyetembea mbele ya maksai wa baba.