Kipande cha Pili cha Doti

Anayetaka kubisha na abishe sasa hivi, amalize, halafu aniache niseme. Haya sikuhadithiwa wala sikuyaota. Yamenikuta mimi mwenyewe, hapahapa Kariakoo, jua halijazama na akili zangu timamu.

Kwanza mjue nilikuwa katika hali gani. Naishi Gerezani, chumba kimoja, nashona mapazia. Nilikuwa nakaa na dada yangu. Miaka yote, tukitaka kanga, tunanunua doti moja tunagawana, kipande changu, kipande chake, tunatoka tumevaa sare na watu wanatuita mapacha. Dada akafariki. Matanga yakaisha, arobaini ikapita, watu wakarudi makwao, simu ikanyamaza. Jamani, upweke ni kitu kibaya! Nilikuwa nawasha redio ili tu awepo mtu anayeongea chumbani.

Siku hiyo nikasema acha nijinunulie kanga, labda moyo utachangamka. Nikaingia duka moja la kanga, jioni, wengine wameshaanza kuteremsha milango. Muuzaji ni binti mdogo, kope za bandia, simu sikioni. Nikamsalimia, kimya. Nikasalimia tena. Akaniangalia kama nimekuja kuomba.

"Naomba unikatie kipande kimoja cha ile ya bluu," nikamwambia.

"Hatukati."

"Mwanangu, nahitaji kimoja tu. Niko peke yangu."

Ungesikia alivyofoka! "Mama, hapa tunauza doti. Kama hutaki doti nenda Mchikichini kavae mitumba. Mtu mzima wewe, huna ndugu, huna shoga, huna hata jirani wa kugawana naye? Toka, nafunga!"

Watu wakageuka. Mimi mdomo wangu ninao, mtaani wananijua. Lakini ningemwambiaje yule binti? Kwamba sitaki kipande cha pili kilale kabatini kinanitazama? Machozi yalikuwa yananilenga.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu: "Mkatie. Tunagawana mimi naye."

Nikageuka. Mwanamke wa rika langu, kajitanda shuka jeupe hadi miguuni, uso mpole. Ananukia kafuri. Nikajisemea labda ametoka msibani. Na hakuwa dada yangu, msianze. Hawafanani hata kidogo.

Yule muuzaji akakata simu bila kuaga. Akanishika mkono. Sauti ilikuwa imebadilika kabisa. "Mama, chukua doti nzima. Nakupa vyote viwili, uvae mwenyewe. Tafadhali."

Sasa niambie, wewe ungefikiri nini? Mtu amekutukana mbele za watu, halafu anakupa sadaka! Nikatoa mkono wangu. "Wala sitaki. Kata, nimeshapata mwenzangu." Akachukua mkasi, akakata ameinamisha kichwa. Nikalipa, nikatoka zangu kifua mbele.

Nje kuna fundi wa cherehani anayepinda kanga. Akanipindia yangu, niivae palepale. Akanyoosha mkono apokee na ya mwenzangu, yule mwanamke akairudisha kifuani. "Yangu iacheni hivihivi. Sisi hatuvai kilichoshonwa." Nikacheka, nikidhani utani. Wallahi nilicheka.

Akaniomba nimsindikize hadi Mnazi Mmoja. Tukaenda, kila mtu kajitanda cha kwake, bluu kwa bluu. Hakunieleza habari zake. Alikuwa ananiuliza yangu tu. Nashona nini, nalala saa ngapi, nani ananijulia hali. Halafu akauliza, "Shoga, leo umekula?"

Ndugu zangu, nililia. Katikati ya watu wanaotoka kazini, nililia kama mtoto, kwa sababu tangu tumzike dada hakuna aliyeniuliza hivyo. Akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake. Pale viwanjani nikainama kutoa kijiwe kwenye kandambili. Nilipoinuka hayupo. Uwanja ule ni mweupe, mtu utamwona hata akiwa mbali. Hayupo kulia, hayupo kushoto. Adhana ya Magharibi ikaanza.

Kesho yake asubuhi nikarudi dukani. Binti aliponiona akatoka, akanivutia kigoda, akaniamkia, "Shikamoo mama." Yuleyule wa jana! Nikamwitikia, nikamuuliza yule ni nani.

"Mama, nisamehe," akasema. "Jana nilikuwa nakufukuza. Mteja akija peke yake jioni na kutaka kipande kimoja, tukimbembeleza atakaa, na akikaa huyo anatokea. Bora aondoke amekasirika."

Akaniambia kwamba yule alipanga chumba mtaa wa nyuma, akafa, na siku nyingi zikapita kabla kifo chake hakijajulikana. Walimzika watu wasiomfahamu hata jina. Tangu hapo anatafuta shoga. Ukigawana naye doti, umeshakuwa shoga yake, na shoga hutembeleana.

"Kuna mwingine kabla yangu?" nikauliza.

"Alikuwepo. Alifungua mlango alipopigiwa hodi, hatukumwona tena." Akarudi ndani kupanga kanga zake.

Jioni ileile yule mwenye kafuri akaja. Hodi. Nikanyamaza. Hodi. Nimeuma kanga yangu kwa meno. Hodi ya tatu, halafu kafuri ikafifia, akaenda zake. Ni mstaarabu, simsingizii. Anapiga tatu kama alivyofundishwa kwao, asipoitikiwa anaondoka. Nimesomewa dua, nimefukiza ubani hadi mwenye nyumba kalalamika. Kanga nimejaribu kuitoa sadaka, niliyempa akairudisha siku ya pili, akasema mlangoni kwake kuna mtu anamuulizia mwenye kanga. Kila Magharibi yuko hapo.

Na sasa nitasema lililonileta kwenu, maana hofu yangu si ya yule mwanamke tena. Jana alipiga hodi mara mbili tu, akanyamaza. Mnajua nilifanya nini? Nilisimama kuisubiri ya tatu. Nikajikuta mkono uko kwenye komeo, na moyo unaniambia, angalau yeye anakuja.

Kwa hiyo sikilizeni. Msigawane kitu na mtu msiyemjua jina, hilo moja. Lakini zaidi ya hilo, mtaani kwenu yupo mtu anayekaa peke yake. Yupo, msiniambie hayupo. Nendeni mkampigie hodi leo, kabla ya Magharibi, na mseme majina yenu kwa sauti, ajue ni nyinyi.