Mhuri Wangu na Mdomo wa Sudi

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Utamaduni wa Wilaya ya Mpanda alinikabidhi mhuri, kidau cha wino na daftari la vibali. Akaniambia, "Bwana mdogo, kuanzia leo hakuna mtu wilaya hii ataangalia mkanda wa video kabla yako." Nilikuwa na miaka ishirini na sita na suruali moja tu ya heshima. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Vijana mnaosoma haya mnabeba sinema mfukoni, kwa hiyo acheni niwaeleze tulivyofanya. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Katavi haikuwa mkoa. Mpanda ilikuwa wilaya ya Rukwa, na wakubwa wetu walikaa Sumbawanga, safari ya kutwa nzima wakati wa kiangazi, na masika msiulize. Burudani ilishuka na treni ya kutoka Tabora: magazeti ya juzi, kaseti za muziki, na mikanda ya video iliyofungwa ndani ya mablanketi. Mwenye banda la video, yaani chumba chenye mabenchi, televisheni moja, deki, na jenereta nyuma ya ukuta, alitakiwa alete kila mkanda ukaguliwe. Mkaguzi anautazama, akiridhika anagonga mhuri na kuandika umri wa watazamaji. Asiporidhika, unafungiwa kabatini.

Tatizo ni kwamba ofisi haikuwa na televisheni. Kwa hiyo nilikwenda kukagua kwenye banda la yule yule ninayemkagua, kwa deki yake, petroli yake, na mara nyingi soda yake. Mwenyewe anasimama pembeni na rimoti, tukifika mahali penye mashaka anasema, "Hapa hakuna kitu, mkubwa," anapeleka mbele. Halafu mhuri tuligonga kwenye ganda la karatasi, maana mkanda wenyewe ni plastiki na wino haushiki. Ilinichukua karibu mwaka kugundua kwamba ganda moja lenye mhuri wangu lilikuwa limeshapokea mikanda saba, na sita kati yake sijawahi kuiona kwa macho.

Nilikimbilia kwa bosi wangu kushtaki. Afisa Utamaduni alikuwa mtu wa makamo, mpole, mpenzi wa karanga za kuchemsha. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Sisi tunakagua maganda," akasema. "Ndizi wanakula wao. Umekuja kujua leo?"

Mimi sikucheka. Na hapa inabidi niseme jambo ambalo sikuliandika kwenye jalada lolote. Kabla ya kazi hii nilitaka kuwa mtangazaji wa redio. Nilisafiri mpaka Dar es Salaam kupimwa sauti, nikasoma habari mbele ya mzee mmoja aliyefumba macho muda wote. Alipoyafumbua akasema, "Sauti unayo. Ila ulimi umejaa Kipimbwe cha kwenu, msikilizaji wa Tanga atadhani umeweka ugali mdomoni. Rudi kwenu, baba, utapata kazi nyingine." Nikarudi, nikapata nyingine. Tangu siku hiyo kila niliposikia mtu anasikilizwa na watu wengi, niliona kama amekaa kwenye kiti changu.

Ndipo alipoingia Sudi.

Sudi alikuwa mtu wa Kapalamsenga, pale ziwani, aliyekuja mjini na magunia ya dagaa akanogewa akabaki. Mwenye banda kubwa karibu na stesheni alimpa kazi ya kukaa mbele na kipaza sauti, kuwatafsiria watazamaji sinema. Kiingereza alikuwa hajui. Kichina ndiyo kabisa. Alichojua ni watu. Akitokea jambazi mnene kwenye sinema ya Kichina, Sudi anasema, "Huyu ni mnunuzi wa tumbaku, mwangalieni, anakuja na mzani wake wa kutoka nyumbani." Mabenchi yanalia kwa vicheko. Shujaa akiruka ukuta, Sudi anasema anawahi treni kabla haijaahirishwa mpaka Jumanne. Jumamosi mchana wafugaji wa Kisukuma walitoka Litapunga kwa baiskeli, wawili wawili, kuja kumsikiliza. Siku moja mwenye banda alimwambia mmoja wao kwamba leo sinema ni ile ile ya juzi. Yule mfugaji akajibu, "Sinema kaa nayo wewe, bhabha. Sisi tumefuata huyu anayeongea."

Ningevumilia hayo. Lakini mke wangu, Mama Felista, alianza kwenda. Jioni anasonga ugali huku anarudia maneno ya Sudi, anacheka peke yake, mwiko unasimama. "Baba Felista, ungemsikia leo!" Mimi ndiye niliyekuwa nimekagua sinema ile, mimi ndiye niliyejua mwanzo wake na mwisho wake, na hakuwahi kuniuliza hata siku moja ilihusu nini. Nilimwonea wivu Sudi kuliko nilivyomwonea mtu yeyote duniani. Na kilichonikera zaidi, alimtania kila mtu mjini, daktari, mwalimu mkuu, hata dereva wa greda la halmashauri, ila mimi hata kunitania hakunitania.

Nikaanza kwenda na daftari. Niliandika kila neno la Sudi ambalo mhusika kwenye sinema hakulisema, yaani karibu yote. Nikampelekea bosi taarifa ya kurasa nne.

Afisa Utamaduni aliisoma yote akimenya karanga. "Kanuni inasema picha," akaniambia. "Haisemi mdomo wa mtu. Utamgonga mhuri wapi, kwenye ulimi?"

"Anapotosha maudhui, mzee. Anaidhalilisha Serikali. Kasema greda limekwenda kuoa Namanyere ndiyo maana halirudi."

"Na limerudi?"

"Bado."

"Basi kaa chini unywe chai. Bwana mdogo, mimi nina miaka mingi kwenye kazi hii. Mtu akileta kurasa nne juu ya mtu mmoja, huwa siangalii aliyeandikwa."

Nilikunywa chai, lakini sikukaa chini. Bosi alipokwenda likizo kwao, nikabaki nakaimu. Nikachukua zile kurasa nne, nikaandika dokezo, ambalo ni ujumbe mfupi wa ndani ya jalada unaomwambia mkubwa afanye nini huku ukijifanya unamwomba ushauri, nikalipeleka kwa Katibu Tawala wa Wilaya. Yeye hakuwa mtu wa kusoma kurasa nne. Aliona neno "Serikali", akaona neno "kudhalilisha", akasaini. Barua ikatoka: kuanzia tarehe ya barua, ni marufuku mtu yeyote kuongea kwa kipaza sauti wakati video inaonyeshwa. Sababu haikuandikwa. Barua zetu za wakati ule hazikuwa na desturi ya kutoa sababu.

Niliipeleka mwenyewe. Nilivaa uso wa msiba. Sudi aliisoma akiwa amekaa benchi la mbele, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Kaka, najua wewe umenitetea," akasema. "Naona hata uso wako. Wakubwa ndiyo walivyo."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema, "Pole sana, Sudi. Amri kutoka juu."

Wiki ile banda lilionyesha sinema bila mtafsiri. Watu walikaa robo saa, wakatoka mmoja mmoja. Mwisho wa mwezi Sudi alifunga mizigo akarudi ziwani. Nilisikia anabeba magunia ya watu pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha dagaa, kazi ya vijana, na yeye tayari mgongo ulikuwa mbovu. Nyumbani kwangu mwiko haukusimama tena. Mama Felista alisonga ugali kimya, nami nikala ugali wangu kimya, nikiwa mtu pekee wa kusikilizwa ndani ya nyumba isiyokuwa na la kusikia.

Bosi aliporudi likizo alisoma nakala ya barua, akanitazama, akairudisha jaladani. Baada ya miezi mitatu nilihamishiwa Mamba, bonde la mpunga, kama afisa utamaduni wa tarafa. Ni kwetu, lakini hapakuwa na hata banda moja la video, na nilielewa maana ya uhamisho ule.

Sasa sikilizeni jinsi udhibiti ulivyofanya kazi. Wiki ya kwanza Mamba nilipita kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mama mmoja alikuwa ameweka redio kaseti juu ya gunia, watu wamemzunguka wanashika mbavu. Ilikuwa sauti ya Sudi. Kumbe mtu alikaa kwenye mabenchi na redio yake akarekodi, mwingine akarekodi kutoka kwake, na Sudi akafika Mamba kabla yangu. Nilipiga marufuku mdomo mmoja mjini, ukazaa mia vijijini. Hakuna hata senti iliyomfikia mwenye sauti. Nilichoweza kumnyima Sudi ni riziki tu.

Nilitumikia Mamba, kisha Sumbawanga, kisha nikarudishwa Mpanda tulipopata mkoa wetu, na hapo nikastaafu. Miaka ya mwisho walitupeleka semina za maudhui ya mtandaoni. Vijana wenye kompyuta walitueleza habari za leseni za chaneli, kanuni, na faini. Nilikaa nyuma nikiwaza maganda. Sisemi sheria haina kazi; kuna uchafu na kuna uchochezi, na mtoto ana haki ya kulindwa. Lakini barua niliyoitoa mimi haikuzuia uchafu wala uchochezi. Ilikuwa na wivu, na ilisainiwa vizuri kuliko zote.

Mwaka huu Sudi alinipigia simu. Anaishi Mpanda kwa binti yake, Rehema, mwalimu wa sekondari. Sukari imemla macho, haoni. Rehema amemfungulia chaneli mtandaoni, anahadithia sinema zake za zamani kwa kumbukumbu tu, na watu wanamfuata kutoka kote. Nilipoiangalia chaneli ile, nikaona tena mtu amekaa kwenye kiti changu, katika umri huu, nikiwa na pensheni na wajukuu. Sudi akaniomba nije kama mgeni, tuwaeleze vijana mambo ya mabanda ya video. Nikavaa shati jeupe nikaenda.

Tuliongea vizuri. Nilieleza mhuri, nilieleza maganda, tukacheka. Halafu akanigeukia kwa macho yake yasiyoona, akasema, "Kaka, wewe ulikuwa ndani ya ofisi. Waambie watu, nani aliandika ile barua?"

Rehema alikuwa ameshika simu mbele yangu. Nikasema, "Amri ilitoka juu. Mimi nilijaribu kumtetea."

Sudi akanishika mkono, akanishukuru mbele ya watu wote.

Video ile imetazamwa kuliko zote alizowahi kuweka. Mmoja ameandika chini yake kwamba huyu mzee ana sauti nzuri, alipaswa kuwa mtangazaji. Nimeyasoma maneno yale mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Siku tatu sikulala vizuri, ya nne nikampigia Rehema nikamwomba aifute.

"Nitaifuta, baba, japo watu wameshaichukua wametumiana," akasema kwa adabu. "Ila niambie, nifute kwa sababu gani?"

Nikasema mtandao unasumbua, simsikii, nikakata simu.

Sababu nimeiandika hapa. Mwanangu Rehema, soma wewe kwanza peke yako, kisha umsomee baba yako, na usiruke mahali.