Mbishi Aliyekataa Kutia Sahihi

Sikutaka kuandika haya, na mtu asidhani nimenunuliwa soda nikalainika. Watu wa Mamlaka ya Simu walikuja mtaani kumtafuta wifi yangu, maana wanatengeneza kitabu cha historia yao na wameambiwa yumo. Wakamkuta barazani. Akawasikiliza mpaka mwisho, halafu akawajibu kwamba yake alishayasema zamani, wakati wao walikuwa hawataki kusikia, na kama sasa wanayataka wamwendee mke wa kaka yake, ndiye aliyejifunza kuandika. Basi nikatwishwa mzigo wake, kama kawaida. Mimi kalamu nimeishika ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, wanangu wakiwa wananizidi kusoma. Hata hivyo nitaandika mwenyewe. Mmoja wao alisema nimsimulie tu, yeye atayapanga maneno vizuri. Nimekataa. Maneno yakipangwa na wale hutoka yamevaa tai.

Wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu. Ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mbishi. Kwa jina hilo hakuonewa. Siku nilipoletwa kwao nikiwa mwali, alinitazama kuanzia juu mpaka chini akasema mbele ya watu kwamba huyu mwaka hamalizi. Nimeimaliza mingi mpaka mume mwenyewe ametangulia, na wifi yangu hajakubali kwamba alikosea. Anasema alikuwa na maana ya mwaka mwingine.

Mume wangu aliniachia simu ya waya, pale chumba cha mbele karibu na dirisha. Mtaani kwetu ilikuwa ndiyo hiyo tu. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Mtu anapiga, naitika, anasema namtaka fulani, anakata. Natoka nje naita kwa sauti. Anayeitwa anaacha alichokuwa anafanya, anakuja anakaa kwenye benchi langu. Yule wa mbali akishahesabu kwamba sasa mtu wake amefika, anapiga tena, ndipo wanazungumza. Simu ya kwanza ni ya kuita, ya pili ndiyo yenyewe. Kwenye benchi lile watu wamepewa kazi, wamefiwa, wameposwa na wameachwa. Wifi yangu alileta cherehani yake akaiweka kwenye baraza langu, pembeni ya dirisha. Alisema ni kwa ajili ya mwanga. Mwanga gani, kila mtu alijua alifuata habari.

Wakati huo kampuni ya simu ilikuwa moja, ikituendesha inavyotaka. Mvua ikinyesha waya unakufa, na fundi anakuja akipenda. Baadaye serikali ikaruhusu kampuni ya pili iingie mjini kwa majaribio, na wateja wachache. Mimi nikahama siku za mwanzo kabisa. Wifi yangu alinionya kwamba hao wapya hatuwajui. Nikamwambia wa zamani tunawajua, ndiyo maana nahama.

Waya mpya ulikuwa safi, sauti unaisikia kama mtu yuko jikoni. Lakini haukupita muda tukaanza kuona kitu. Jioni, watu wakishatoka kazini, simu ya kwanza inaingia. Mtu anaitwa, anakuja, anakaa. Ya pili haiji. Simu imetulia tu mezani kama paka aliyeshiba, na kule mbali mpigaji anaambiwa inatumika. Mchana haikuwa hivyo. Fundi wa kampuni mpya akanieleza kwamba kati ya mitambo ya kampuni hizi mbili kuna njia za kupitishia simu, na wale wa zamani wametoa njia chache. Jioni zinajaa upesi; ukibahatika kupita mara ya kwanza, ya pili unakuta zimeshajaa. Anayepiga kutoka kwao kuja kwetu anakwama hapo katikati.

Mwana wa pekee wa wifi yangu alikuwa anafanya kazi mji mwingine, ambako kampuni ilikuwa ile ya zamani tu. Jioni moja akapiga.

Aliniita mama mdogo kama siku zote. Akasema niitie mama haraka. Wifi yangu alikuwa siku hiyo nyumbani kwake anakata vitambaa. Akaja na mkasi mkononi, akakaa. Watu wakaja kwenye benchi, wakachoka, wakaondoka. Yeye akakaa. Nilipomletea chai hakuigusa. Mwanawe alikuwa amepata kazi kwenye meli na inaondoka alfajiri. Alitaka kuaga. Tuliyajua hayo baadaye, kwa mtu aliyerudi kutoka huko, kijana akiwa ameshakwenda nchi ambazo hata majina yake hatuyawezi.

Wifi yangu hakulia. Alikuja kesho yake akabeba cherehani yake, kichwa cha mashine begani na meza yake akaiburuta, akahamia kwenye mlango wake. Aliniambia neno moja tu, kwamba ningebaki kwa wale wa zamani, mwanawe angempata. Tangu hapo tukawa tunapishana njiani kama wapangaji wenye kesi.

Sasa ndipo Mamlaka ikaandika viwango. Yaani namna kampuni hizi mbili zitakavyounganisha mitambo yao, njia ngapi, na simu zipite kwa kiasi gani. Ilikuwa lazima viidhinishwe na kamati kabla ushindani haujafunguliwa rasmi. Kwenye kamati kulikuwa na kiti cha watumiaji wa simu, na kanuni yao wenyewe ilisema kila kiti kitie sahihi. Chama cha watumiaji kikanichagua mimi, kwa sababu ya lile benchi. Nadhani Mamlaka walifurahi. Bibi wa kilemba, atakunywa chai, atatia sahihi, atakwenda.

Nikasomewa. Kulikuwa na kifungu kinachosema simu za kutoka kampuni moja kwenda nyingine zitahesabiwa kuwa zinapita vizuri kwa wastani wa siku nzima. Nikauliza, na jioni je? Mhandisi wa kampuni ya zamani, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi likanyooka, akanieleza bila dharau. Njia za kutosha jioni ni gharama, na saa nyingine zote zitakaa bure. Hakuwa anadanganya. Nikawageukia wa kampuni yangu mpya, nikidhani watanishika mkono. Wakaniambia mama, tia tu, mpaka viidhinishwe sisi hatuwezi kupokea wateja wengine, mengine tutarekebisha mbele ya safari. Hapo nikaelewa kwamba kikiidhinishwa vile, simu yangu itabaki kiziwi kila jioni na hakuna tena wa kumlalamikia, maana nitakuwa nimekubali. Nikasema sitii. Wakaniita tena, nikasema sitii. Mtaani wakaanza kuninung'unikia kwamba nachelewesha maendeleo. Mara ya tatu mwenyekiti wa kamati akasema kwa huruma kwamba mama umechoka, pumzika, tutamkaribisha mtumiaji mwingine.

Wakamchagua wifi yangu. Hawakuwa wajinga. Walishasikia kwamba hatusemezani, na kwamba ananilaumu kwa kuhama. Wakaona huyu atatia sahihi hata kama ni kwa kunikomoa.

Kikao kilikuwa cha wazi, nikaenda nikakaa nyuma kwenye viti vya wasikilizaji. Yeye aliingia na gauni lake la kushonwa vizuri, akanipita bila salamu. Mwenyekiti akamkaribisha, akasema wana imani kwamba yeye hatawachelewesha. Wifi yangu akasema somani. Wakasoma. Walipofika kwenye kile kifungu akainua mkono.

"Wastani wa siku nzima ndiyo nini, mwanangu?"

Mhandisi akasema ni kuchukua simu zote za siku, zilizopita na zilizokwama, za asubuhi na za jioni, unazipima kwa pamoja.

"Hata za usiku wa manane, watu wamelala?"

"Hata hizo, mama."

"Mimi ni fundi cherehani," akasema. "Nikikushonea suruali, mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi, nikakwambia kwa wastani inakufaa, utaivaa?"

Watu wakacheka. Lakini yule mhandisi naye hakuwa wa kuchezewa. Akasema suruali ni ya mtu mmoja, njia hizi ni za mji mzima, na mji mzima haushonewi kwa kipimo cha mtaa mmoja. Wakacheka tena, safari hii kwa upande wake. Nikaona wifi yangu ameshindwa, na mimi sikuwahi kumwona akishindwa maneno.

Akasema, "Sawa. Kwa maneno umeniweza. Sahihi sitii."

Mwenyekiti akavua miwani. Akamwambia kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi tukasikia wote, kwamba yeye alidhani hawaelewani na mke wa kaka yake.

"Hatuelewani," akasema wifi yangu. "Yule ana kiburi, hashauriki, na chai yake ni chungu. Hayo ni ya nyumbani kwetu. Hapa mmeniitia simu."

Watu wakageuka kunitazama. Nikanyoosha shingo, sikuinamisha kichwa.

Mwenyekiti akasema kwamba kiti hicho wanaweza kumpa mtu mwingine. Akamjibu, "Mpeni. Mtaani kwetu tuko wengi, na hakuna ambaye hajakaa kwenye lile benchi akarudi nyumbani hakuna alichosikia." Hakumtaja mwanawe. Akainuka, akachukua mkoba wake.

Na kweli walijaribu mtu mwingine. Walimwendea mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, mtu mtaratibu, akawaambia ana homa. Homa yenyewe tulimwona nayo dukani ananunua viberiti.

Sasa nisije nikadanganya kwamba tuliwashawishi. Hatukumshawishi mtu. Siku ya waziri kuja kufungua ushindani wa simu ilikuwa inakaribia, mahema yameshaagizwa, na viwango havina sahihi. Wakaona afadhali kubadilisha kifungu kuliko waziri akate utepe wa kitu ambacho hakipo. Wakamwita wifi yangu tena, wakamwambia kimebadilishwa, sasa simu zitapimwa saa za msongamano, na njia zikijaa kampuni yenye njia itaongeza. Wakamsogezea karatasi na kidau cha wino.

Mimi nilikuwa nyuma kama siku ile. Yeye hajui kusoma, na hao hakuwaamini. Akaitazama ile karatasi, halafu akageuka na kiti chake.

"Wewe," akasema. "Njoo usome."

Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu ahamishe cherehani. Nikapita mbele ya wale wenye suti wote. Ninasoma polepole, kwa kidole, na sikuharakisha kwa ajili ya mtu. Mwenyekiti alijaribu kunisaidia neno moja, wifi yangu akamnyamazisha kwa mkono. Nilipomaliza nikarudia kile kifungu tangu mwanzo.

"Imo jioni?" akaniuliza.

"Imo."

"Una hakika?"

"Kama huniamini kasome mwenyewe."

Akabonyeza dole gumba kwenye wino, akaliweka. Tukarudi nyumbani kwa miguu, akinisema njia nzima kwamba nilisoma kama mtu anayechambua mchele.

Njia waliongeza, kwa kununa, na si siku ile wala wiki ile. Jioni simu zikaanza kupita, si zote, lakini watu wakarudi kwenye benchi. Cherehani ikarudi barazani, eti kule kwake hakuna mwanga. Mwanawe alipiga kutoka bandari moja ya mbali, akapiga ya kwanza, akapiga na ya pili, ikaingia. Mama yake akamgombeza mpaka simu ikakatika yenyewe, kisha akanigeukia mimi akasema ameongea naye vizuri.

Sasa nasikia kitabu chao kitasema viwango viliidhinishwa baada ya mashauriano ya kina. Mashauriano gani? Walimtoa mmoja wakamleta wa pili, wa pili naye akagoma. Andikeni hivyo hivyo. Na nasikia wanatunga viwango vingine, vya hizi simu za mfukoni, na kiti cha watumiaji siku hizi anakikalia mtu aliyeletwa na kampuni. Mimi magoti yamegoma kupanda ngazi zao. Wifi yangu macho yamekwenda.

Wewe uliyesoma mpaka hapa miguu unayo. Vikao bado ni vya wazi, hawawezi kukuzuia mlangoni. Nenda kakae mbele, usikae nyuma. Waulize wamepima saa ngapi na wamempima nani. Wakikushinda kwa maneno, kubali umeshindwa na usiwape wanachotaka. Halafu uje hapa barazani utwambie walikujibu nini, na useme kwa sauti, maana wifi yangu siku hizi hasikii vizuri, ingawa ukimwambia hivyo atabisha.