Ngurumo Juu ya Kabazi

Siku yangu ya kwanza kwenye ndege ya vita, mwalimu wa urubani, Meja mwenye shingo nene kama gogo la mkaratusi, alikigonga kiti kwa ngumi.

"Kijana, viti ni vingapi?"

"Kimoja, afande."

"Basi ukiogopa, ogopa peke yako. Hapa hakuna wa kushikana naye mkono."

Mimi, niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni pale Nakuru nikiwa na usingizi wa kujaza lori, nilicheka mpaka kofia ngumu ikanipwaya. Nilimwelewa nikiwa angani. Suti ya rubani hujaa hewa na kukubana mapaja ndege ikikata kona, damu isikimbilie miguuni. Huo ndio mkumbatio pekee wa kule juu. Mnara wa uwanja hukutajia kimo redioni, kisha kimya. Bonde la Ufa lote, Menengai mpaka Baringo, nililifunika kwa kiganja, na sikuwa na wa kumwonyesha.

Nilitamani mama anione, hata mara moja. Alikaa Kabazi, chini ya njia yetu ya mazoezi. Nikamwendea Mkuu wa Kikosi.

"Afande, naomba nikipita kwetu nitikise mabawa, nimsalimie mama."

"Hii ni ndege ya vita ama bodaboda?" Akanitazama, kisha akalegea. "Mara moja. Na usishuke."

Nilitikisa mabawa mpaka nusura rangi ibanduke. Kabla sijamaliza kusema "mama," Kabazi ilikuwa nyuma yangu.

Nilipopata likizo nilikimbilia nyumbani. "Mama, uliniona?"

"Ile ngurumo? Nilianua nguo mbio, nikidhani mvua." Akanimiminia chai. "Lakini wewe nilikuona kesho yake, ukinyunyizia dawa ngano ya jirani. Ulipita chini ukanipungia mkono! Mbona hukusimama unywe chai?"

Ile ilikuwa ndege ndogo ya dawa, ya mtu nisiyemjua. Mama alikuwa anang'aa kama sufuria mpya.

"Nilikuwa na haraka, mama."

Alifariki akiwaambia majirani jinsi nilivyompungia.

Sasa nimestaafu, niko Kiamunyi, nyumba kubwa na kikombe kimoja mezani. Ndege ya vita ikinguruma, mimi hutoka nje, nikaitafuta mbele ya sauti yake, nikampungia aliye ndani. Najua hanioni. Lakini ile ndogo ya dawa ikielekea Rongai, mimi huinua mikono yote miwili. Huyo, mara nyingine, hujibu.