Mwezi wa Kumi na Tano

Enzi zile za dhahabu, huku kwetu Serengeti, hata mimi niliyeishia kidato cha pili niliitwa mtu wa kompyuta. Nilikaa kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mtu analeta mawe, mimi nabofya, karatasi inatoka na tarehe ya zamu yake. Sheria ilikuwa moja: mwenye mawe asimame mwenyewe yakisagwa. Hayupo, anarudi mwisho wa foleni, na foleni haikuwa ya kesho wala keshokutwa.

Programu aliiandika mpwa wa tajiri mwenye karasha, kijana aliyesomea Kenya. Siku moja akaja, akasema, "Nimeapdeti lugha ya programu. Toleo jipya, iko sawa."

"Kumbe kompyuta ina lugha? Kikurya inajua?"

Akacheka, akawasha pikipiki, akaondoka.

Siku za kwanza hakuna aliyeshtuka. Halafu asubuhi moja mzee akageuza karatasi yake yenye 6/15. "Wewe mura, mwezi wa kumi na tano ndiyo upi? Mvua zake za vuli au za masika?"

Nikacheka naye. Kisha nikaitazama tena ile 6/15. Toleo jipya lilikuwa linatanguliza mwezi! Na kuna mama mjane wa Nyambureti nilimpa 6/7. Lazima amesoma tarehe sita mwezi wa saba. Kumbe zamu yake ni tarehe saba mwezi wa sita, yaani leo. Na mabati ya nyumba yake alikuwa anayategemea humo humo kwenye mawe.

Jamaa anayemfuata mama kwenye foleni akaanza: "Sheria ni sheria! Hayupo, apishe!"

Nikarukia bodaboda. Nikamkuta mama shambani anavuna ulezi.

"Shikamoo mama. Twende, zamu yako ni leo."

"Marahaba. Karatasi imesema mwezi wa saba."

"Karatasi imejifunza lugha mpya, mama."

"Na wewe hujajifunza?"

"Mimi hata ile ya zamani niliishia njiani."

Tuliporudi, mashine kimya, na yule jamaa kakalia mifuko ya mawe ya mama. Nikajua tumekwisha.

"Nimekaa asiihamishe mtu," akasema. "Leo yeye. Kesho kompyuta yenu itanipeleka mimi mwezi wa kumi na tano."

Mama akasimama pale, majani ya ulezi kwenye khanga, mawe yake yakasagwa.

Mpwa alirekebisha baadaye. Lakini mimi kila nikitoa karatasi nilisema na kwa mdomo, mathalani: "Siku yako ni kesho yake baada ya mnada." Hiyo hakuna aliyewahi kuikosea, hata mimi.