Kopo Tupu la Kulanti

Nilisoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nililimaliza kwa kuhesabu madirisha. Herufi kubwa nazijua. Zile ndogo, zilizobanana kama dagaa kwenye uteo, sizijui wala hazinijui. Sikuwahi kuona hasara yake. Nyumba yangu ya Ikwiriri hakuijenga mwalimu. Niliijenga kwa boti, miaka ishirini na kitu nikibeba watu na kamba wa kuuza kutoka vijiji vya delta, Salale na Kiongoroni, na nilipochoshwa na tope nikauza boti nikanunua pikapu.

Kosa langu lilianzia kwenye boti. Mashine ya boti haina rejeta ya kupozea maji kama gari. Inavuta maji ya mtoni, inayazungusha, inayatema. Yawe ya chumvi, yawe ya tope, inakunywa yaliyopo. Basi kichwani mwangu maji ya injini yalikuwa maji tu, na hiyo kulanti ya kupozea injini wanayouza madukani niliiona maji yaliyotiwa rangi ili muuzaji naye apate kula.

Fundi wa gari langu ni binti yangu mwenyewe. Alipoanza kulala chini ya magari pale Kibiti watu walimcheka, wakaniambia nimezaa dume lililokosea njia. Nikajisifu naye, tena kwa sauti, msikitini na sokoni. Lakini kujisifu naye ni kitu kimoja, kumsikiliza ni kingine.

Siku moja aliisafisha rejeta, akatia kulanti mpya, nyekundu kama juisi ya rozela. Akanipa kopo lililobaki tupu.

"Baba, hili usilitupe. Ikipungua, nenda nalo dukani umwonyeshe muuzaji, akupe hii hii."

"Si nyekundu? Nitaomba nyekundu."

"Rangi haisemi kitu, baba. Kila kiwanda kinatia rangi yake. Nyekundu hii na nyekundu ile zinaweza kukutana humo ndani zikapigana. Kinachosema ni maandishi."

"Na nikikosa hayo maandishi yako?"

"Tia maji ya kunywa, kidogo tu, kisha unipigie simu. Lakini usichanganye."

Alisema kwa adabu. Mimi ndiye niliyesikia vingine. Kwetu anayetumwa dukani na chombo kitupu ni mtoto: shika chupa, mwambie akutilie mafuta ya taa. Mimi, na mvi zangu hizi, nishike kopo tupu mbele ya watu kama nimetumwa na mama yangu? Nikalitupia stoo, nyuma ya magunia ya mpunga.

Kulanti ikapungua kidogo. Nikaenda dukani mikono mitupu.

"Mzee, gari lilikuwa na ipi?" muuzaji akaniuliza.

"Nyekundu."

"Nyekundu ziko mbili, mzee wangu. Hizi hapa, soma uchague."

Nikayachukua makopo mawili. Nikayasogeza mbali na macho kama wafanyavyo wasomi, nikachezesha midomo. Kisha nikasema, "Hii." Nilichagua ile yenye picha ya gari kubwa zaidi.

Wiki haijaisha, alfajiri, simu ikatoka Kiongoroni. Dada yangu amefariki.

Dada huyu ndiye aliyenilea. Mama alituacha mimi sijaota meno yote, na yeye akasuka ukili wa mikeka mpaka vidole vikapasuka ili mimi nile. Hakujaliwa mtoto wa kiume, mumewe na ndugu wengine wote walitangulia, nimebaki mimi. Na kila nilipomtembelea aliniambia neno moja: "Siku yangu ikifika, ushuke wewe kaburini unipokee. Nisipokewe na watu baki." Mwanamke kwetu hupokewa na maharimu wake, wanaume wa damu yake. Nikamwambia, dada, nani mwingine kama si mimi?

Walionipigia wakasema, "Tutamsalia adhuhuri. Tunakungoja umshushe." Boti ya Nyamisati ingeondoka saa nne, maji yakiwa yamejaa. Muda ulinitosha kabisa.

Nilipovuka daraja la Ndundu mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikaupuuza. Nikasema gari nalo lina haraka ya msiba. Kibiti haijaonekana, mvuke ukafumuka, injini ikagonga mara mbili tatu, ikazima.

Nilimpigia binti yangu, akaja kwa bodaboda na mkoba wake wa spana. Akangoja ipoe, akafungua mfuniko kwa kitambaa. Humo ndani hamkuwa na nyekundu. Kulikuwa na rojo la kahawia, zito kama uji wa ulezi uliolala. Akalichota kwa kidole, akalitazama.

"Baba, umetia nini humu?"

"Kulanti. Nyekundu, kama yako."

"Kopo ulikwenda nalo?"

Nikageuka kutazama barabara. Akajifuta kidole kwenye suruali. "Rejeta imeziba, na gasketi imeungua. Ungetia maji tu, baba, leo ungefika." Kisha akaona uso wangu. "Panda hiyo bodaboda. Wahi. Gari niachie mimi."

Nimeongoza boti kwenye mito ile tangu sijabalehe, na bado nilimhimiza kijana wa bodaboda kana kwamba maji yanajua kumngoja mtu. Nyamisati nilikuta boti imeondoka, na nyuma yake maji yanatoka, tope limeanza kuonekana kati ya mikoko. Hakuna chombo kingine mpaka yajae tena usiku.

Simu ikalia. "Umefika wapi? Tushamsalia. Tuendelee kungoja?"

Walikuwa tayari kungoja. Hilo ndilo linaloniuma. Lakini jua lilikuwa kali na maiti haicheleweshwi.

"Mzikeni," nikasema.

Nilifika kesho yake asubuhi. Udongo ulikuwa umeshaanza kukauka juu. Bibi mmoja jirani, rafiki yake wa kusuka naye mikeka, alinipeleka mpaka pale. Nikamuuliza nani alishuka.

"Mwalimu wa madrasa na yule mvuvi wa nyumba ya pili. Watu wema, babu wee. Walimpokea vizuri."

Watu wema. Watu baki.

Binti yangu alibadilisha gasketi na hakunikumbusha lile kopo, wala siku ile wala baadaye. Angenikumbusha ningepata la kumjibu, ningefoka, yangekwisha. Nililitoa mwenyewe nyuma ya magunia, nikalifuta vumbi, na sasa linakaa chini ya kiti cha dereva. Ikipungua nashuka nalo dukani, kopo tupu mkononi, watu wakiona. Naliweka juu ya meza na kumwambia muuzaji, "Nisomee."

Naye husoma. Ni maneno machache tu, hayafiki hata pumzi mbili.