Kitanda Nilichokiita Machela

Katika wote waliowahi kupika juu ya Mlima Elgon, hakuna aliyenishinda mimi. Uliza Kitale nzima. Shule niliiachia darasa la sita, lakini wageni wenye digrii zao walikula ugali wangu wakalamba vidole, na mmoja aliniandikia barua ambayo mpaka leo ninayo. Nayataja haya ili ujue kwamba nilikuwepo, na nitakayoyasema juu ya Edinah sikuhadithiwa na mtu.

Edinah ni binti ya dada yangu Rispah, wa Tongaren. Mwaka wa 2004 alikuwa na miaka ishirini na mitano, amepanga chumba Kibomet, anafulia watu nguo na msimu wa palizi analima vibarua. Msichana mrefu, mkavu, mwenye mabega ambayo baba yake angependa wapewe kaka zake. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Bwana Kagwe, mwenye kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlimani, niliyekuwa mpishi wake. Kagwe akamjaribu kwa mzigo wa kilo kumi na nane. Wanaume walipofika juu wakihema kama mvukuto, walimkuta ameukalia mzigo wake anakula muwa.

"Kubeba unabeba," Kagwe akamwambia. "Shida ni kulala. Wapagazi saba wanalala hema moja, na wote ni wanaume. Siwezi kununua hema ingine ya mtu mmoja. Na nikinunua, nani ataibeba?"

"Nikija na malazi yangu?"

Kagwe akakuna kidevu. "Yasizidi kilo mbili. Mvua isikupate, na nisisikie umeenda kujibanza mahali pa mtu. Ukimaliza safari tatu hivyo, nakuandika kazi ya mwezi kwa mwezi. Ukishindwa usiku mmoja tu, unarudi kwa nguo zako za kufua."

Kazi ya mwezi kwa mwezi! Kwetu Tongaren hakuna msichana aliyewahi kuipata bila kuwa mwalimu.

Hema nyepesi za mitumba zilikuwepo sokoni, lakini bei yake ingemla Edinah miezi miwili bila kununua hata chumvi. Hapo ndipo mimi nilipokumbuka mgeni mmoja aliyelala ndani ya kitambaa kilichofungwa kwenye miti miwili, akining'inia kama kifuko cha kiwavi. Nikampa Edinah wazo. Wazo lilikuwa langu, tafadhali lisipotee.

Tulienda naye soko la mitumba la Kitale. Mimi nilichagua turubai nzito ya kijani, nguo ya kiume hasa. Edinah akaipima kwa mkono.

"Mjomba, hii ikinyeshewa nitakuwa nabeba kitanda ama nabeba kisima?"

Nikamwonyesha turubai ya kuanikia mahindi, ile ya kwetu.

"Hiyo ni ya magunia kumi. Mimi ni gunia moja tu."

Akachagua kitambaa cha nailoni kilichokatwa kwenye hema iliyochanika, chepesi mpaka muuzaji mwenyewe alikuwa amekitupa chini. Akakivuta kwa urefu, akakivuta kwa upana, akakilamba. Ndiyo, akakilamba, halafu akakipuliza upande wa pili kuona kama unyevu unapita. Muuzaji akauliza kama anatafuta nguo au chakula.

Kuhusu kamba, nilimwambia katani, kamba ya wanaume waliofunga ng'ombe tangu enzi. Akasema amefunga ng'ombe kuliko mimi, na kwamba katani ikilowa inavimba, fundo halifunguki, na tena inakata gome la mti mpaka askari wa hifadhi akufukuze. Akaenda kwa mafundi wa jua kali wanaobomoa magari mabovu, akanunua mikanda miwili ya viti. Mipana, haivutiki, haiumizi mti. Hilo mimi sikulifikiria, lakini ningelifikiria baadaye. Juu, kwa ajili ya mvua, akaweka karatasi ya nailoni yenye pindo. Chini, kwa sababu baridi ya mlima inapanda kutoka chini kama mwizi, akaweka kipande cha sponji cha kutosha mgongo na kiuno. Miguu, akasema, itajitegemea ndani ya soksi. Vyote alivishona mwenyewe kwa uzi wa fundi viatu.

Tukaenda kupima kwa Gathii, muuza nyama wa Kibomet. Gathii akaning'iniza mzigo kwenye ndoano ya mizani, kati ya mguu wa ng'ombe na maini.

"Kilo mbili na robo. Nikutolee mfupa?"

Edinah akarudi nyumbani, akatoa vyuma vyote vya mikanda na kuweka mafundo, akafupisha mikanda, akamega sponji. Siku ya pili Gathii akasoma mshale mara mbili.

"Kilo mbili kasoro kidogo. Nifunge kwa gazeti, ama utakula hapa hapa?"

Mpaka hapo, mimi na ulimi wangu tulikuwa hatujaharibu kitu.

Jumapili moja Edinah alikwenda nami Tongaren kumwonyesha mama yake. Akafunga kitanda kwenye miti miwili ya nyuma ya boma, akapanda, akalala, akacheka kama mtoto. Rispah akashika kiuno.

"Mwanangu atarara kwa machera kama mgonjwa?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Zamani kule kwetu, kabla barabara haijapitika, mgonjwa alifungwa kwenye blanketi, blanketi likafungwa kwenye mti, wanaume wakambeba mpaka zahanati. Hiyo ndiyo machela. Waliokwenda nayo hawakurudi wote wakitembea, kwa hiyo neno lenyewe halitamkwi ovyo.

Edinah akashuka. Hakuwa anacheka tena. "Mjomba, hilo jina usilipeleke mlimani. Hiki ni kitanda."

"Nimenyamaza," nikasema.

Mimi, kunyamaza! Hata getini hatukuwa tumefika nilipowaambia wapagazi, "Mnamuona huyu? Analala kwa machela." Wakaangua kicheko, na mimi nikaona utamu wa kuchekesha watu saba kwa neno moja. Kiplimo, aliyekuwa mkubwa wao, kila asubuhi aliita, "Machela! Mgonjwa ameamkaje?" Kufikia safari ya pili hakuna aliyesema kitanda. Hata Kagwe alisema machela.

Lakini kitanda kilifanya kazi. Safari ya kwanza mvua ilipiga mpaka hema ya wanaume ikavuja, na Edinah akaamka mkavu kama kiberiti. Safari ya pili wageni walimpiga picha, na mimi nikawaeleza wazo lilitoka kwa nani. Ikabaki safari moja.

Siku ya pili ya hiyo safari ya tatu, mchana kweupe, Kiplimo aliteleza kwenye jiwe la kijito. Mguu ukavunjika chini ya goti. Niliusikia nikiwa na sufuria kichwani. Tulikuwa mbali na geti, naye anatoka jasho la baridi.

"Tutambebaje?" Kagwe akauliza.

Hema ya wanaume ilikuwa pale, nguo nene, imara kuliko chochote. Niliiona. Lakini hema jina lake ni hema. Mpagazi mmoja akasema kama mtu anayetaja kitu kilicho wazi, "Si kuna machela ya Edinah?"

Edinah hakumtazama Kagwe wala yule mpagazi. Alinitazama mimi. Kisha akafungua mzigo wake.

"Chukueni."

Na yeye mwenyewe ndiye aliyewaonyesha jinsi ya kukunja mikanda mara mbili ili wapitishe mianzi. Wanaume wanne wakamshusha Kiplimo. Wageni walikuwa wamelipia kilele, kwa hiyo sisi wengine tukaendelea, na Edinah akaongezewa mzigo wa waliorudi. Siku zilizobaki alilala ameketi jikoni kwangu, blanketi mabegani. Nilimpa chai. Aliipokea, akageukia moto.

Kitale, kitanda kilirudi kimepasuliwa na mwanzi kutoka kichwani hadi miguuni. Kagwe alimlipia Kiplimo hospitali yote, hilo namsifu. Halafu akamwita Edinah, na mimi nikiwepo.

"Safari ya tatu ulilala wapi?"

"Jikoni."

"Tulikubaliana nini?"

"Kitanda changu ndicho kilimbeba mtu wako."

"Ile ilikuwa machela. Machela ni ya yeyote akiumia. Sasa mimi nimwandike mtu ambaye kila mwenzake akianguka anabaki hana pa kulala?" Akanigeukia. "Mzee, si ni wewe ulituambia ni machela?"

Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno, nilisema, "Ndiyo, lakini..." Na hiyo lakini haikupata mwenzake. Sufuria zilikuwa za Kagwe, na mimi pia nilikuwa nakula kwake.

Mwezi uliofuata Kagwe alimpa fundi nguo ile iliyochanika aiige. Zikashonwa tatu, kwa mikanda ya viti vya gari vilevile. Moja ikawekwa stoo, imeandikwa MACHELA kwa rangi nyekundu. Moja alipewa Kiplimo alipopona, kwa sababu hema ya wanaume ilikuwa inambana mguu. Yeye anaiita kitanda.

Edinah alirudi Tongaren kulima mahindi ya mama yake. Krismasi nilikwenda nikamkuta anaanika mbegu. Nikajikohoza, nikatafuta pa kuanzia, nikasema, "Edinah, kile kitanda ungeshona kingine. Mimi nitanunua nguo."

Hakuacha kutandaza mahindi.

"Kitanda gani, Mjomba? Si ilikuwa machela?"